Baba Aliyekufa Redioni

Muthetheni,
14 Novemba 1998

Mwanangu Mulwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tuko. Wewe uko namna gani huko Athi River na vumbi la simiti? Mama yako Mbula ni mzima isipokuwa jino, ambalo anakataa ling'olewe kwa sababu anasema ndilo linalomwambia mvua inakuja. Mvua yenyewe imekuja kidogo, tumepanda pojo na mbaazi. Yule beberu mwekundu nimemuuza. Alikuwa ameanza kuniletea dharau, na mwenye dharau katika boma hili ni mimi peke yangu. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho mwalimu wa kisomo cha ngumbaru alichotufundisha kuandika. Kikamba nakiweka cha mdomo, maana matusi yake ni matamu mno kuyapoteza kwenye karatasi.

Sasa tuingie kwenye jambo. Jumapili nilikuwa nimekaa nje na redio ya Mbula, nangoja matangazo ya vifo nione kama kuna ninayemjua. Wakaleta kwanza kipindi cha wasanii, nikasikia sauti yako. Nikaita, "Mbula, njoo, mtoto yuko ndani ya redio!" Akaja mbio na mwiko mkononi. Huyo msichana wa redio akakuuliza kipaji cha kuchonga ulirithi kwa nani. Ukakohoa. Halafu ukasema ulirithi kwa baba yako, mzee mchongaji mashuhuri wa Ukambani, aliyefariki mwaka wa 1974 akiwa ameshika tezo mkononi.

Aiya, Mulwa! Mwiko wa mama yako ulianguka chini. Mimi nilijipapasa mashavu nione kama bado niko na joto. Nimekufa, tena nimekufa nikiwa mwanamume, tena mchongaji! Mimi ambaye hata viazi nikimenya najikata kidole.

Kwa vile inaonekana umesahau, wacha nikukumbushe. Mume wangu Nzuki alikufa bila kuniachia mtoto. Ndugu zake wakaanza kulipima shamba langu kwa macho. Mimi nikachukua mbuzi zangu, nilizozipata kwa biashara yangu mwenyewe hapa sokoni, nikaenda kwa kina Mbula nikamwoa kwa desturi yetu ya iweto, mwanamke kumwoa mwanamke, ili nyumba yangu isizimike. Nilitoa mbuzi wa ntheo, wale wanaofunga ndoa, wazee wakala wakajilamba vidole. Mwanamume aliyekuzaa alipita tu, tukamshukuru, akaenda zake. Wewe ulipozaliwa uliwekwa mapajani mwangu. Watoto wengine wa iweto humwita mwenye nyumba susu, yaani nyanya. Nikasema hapana, sikutoa mbuzi wangu ili niwe nyanya ya mtu. Utaniita Baba. Na Baba ukaniita tangu ulipoota meno.

Basi niambie, nilizikwa wapi? Na nyama ya matanga walikula akina nani, maana mimi sikuonja.

Ni mimi marehemu,
Kamanthe


Athi River,
20 Desemba 1998

Kwako Baba, uliye hai na mwenye nguvu zote za kutukana,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, najua. Nilihamisha karakana, sasa niko karibu kabisa na reli. Treni ya mizigo ikipita, patasi zinacheza mezani zenyewe. Kifua kimepona. Mwambie Mama nimempelekea leso na dawa ya jino, na kama hataki dawa basi alifunge hilo jino kwa kamba, mbuzi alivute. Krismasi sitafika. Usiniulize kwa nini, ni kazi.

Kuhusu redio, hebu nikueleze kabla hujanilaani. Kuna hoteli kubwa Nairobi inataka sanamu ya kusimama mlangoni, ndefu kuliko mtu, ya kuonyesha urithi wa Mwafrika. Mara ya kwanza niliwachorea mwanamke anayeuza mbuzi katika soko la Muthetheni. Meneja akaigeuza karatasi juu chini, akaniuliza, "Sasa urithi uko wapi hapa?" Nikarudi nikachora mzee mwenye ndevu, mkuki mkononi, mguu mmoja ameukunja, anatazama mbali. Baba, yule bwana nusura alie. Akaniambia, "Huyu ndiye!" Nikapewa kazi siku hiyohiyo, na ndiye ninayemchonga kwenye lile gogo la mti wa mukau ulilonipa.

Basi na huyo msichana wa redio aliletwa na watu wa hoteli. Aliponiuliza nimerithi kwa nani, nilifungua mdomo na yule mzee akatoka mwenyewe. Ningemwambia nini? Kwamba baba yangu ni mama, anauza mbuzi, hajawahi kushika tezo, na mume wake ambaye si baba yangu alikufa kabla sijazaliwa? Kipindi kingeisha kabla sijamaliza kueleza. Nikamuua yule mzee haraka ili wasije wakataka kumhoji. Si wewe niliyekuua. Ni yeye.

Wazungu na matajiri wa Nairobi hawasikilizi redio ya Kiswahili, na watu wa kwetu Jumapili wako kanisani. Nani amesikia? Ni wewe tu.

Mwanao,
Mulwa


Muthetheni,
11 Januari 1999

Mulwa,

Salamu. Leso imefika, Mbula ameivaa kwenda kanisani na amejisikia mpaka padri akamwona. Dawa ya jino ameificha. Wayua, yule mwenye kioski, amejifungua mapacha, na mume wake anatembea sokoni akipokea pongezi, kana kwamba kuna siri aliyoitumia. Mbaazi zimeshika maua.

Nimekusoma juu ya mzee wako. Nina maswali. Huo mguu ameukunja kwa nini, ana mwiba? Anatazama mbali akitafuta nini, na mbuzi wake wanachungwa na nani wakati huo? Mimi nimezaliwa hapa, nimezeeka hapa, na sijaona mwanamume Mkamba akisimama hivyo isipokuwa amelewa na anashika ukuta. Unasema huo ndio urithi. Urithi wako ni mimi, mpumbavu wewe! Ni mimi niliyekupeleka Wamunyu kwa wachongaji ulipokataa shule, nikawabembeleza wakupokee.

Unauliza nani amesikia. Muindi amesikia.

Unamjua Muindi, ndugu mdogo wa marehemu Nzuki. Huyo haendi kanisani, Jumapili hukaa na redio yake kubwa. Siku hizi yuko sokoni akimwambia kila mtu, "Kijana mwenyewe amekiri kwamba baba yake ni mchongaji wa huko kwingine, tena amekufa. Basi nyumba ya Kamanthe haina mtoto, na shamba la ndugu yangu lirudi kwetu." Sasa amefunga ng'ombe wake katika shamba langu la chini, penye mihogo. Nilimfungua, akamfunga tena. Amekwenda kwa wazee wa ukoo. Wameweka kikao Jumamosi ya tarehe kumi Aprili, hapa nyumbani kwangu, na wamesema ni lazima wewe ufike, useme mbele ya watu wewe ni mtoto wa nani.

Wakimpa Muindi haki, mimi na mama yako tutakuwa wageni katika boma hili. Mbula anafagia tu, anafagia hata mahali pasipo na taka.

Utakuja, utasema neno moja, utakula, utarudi. Si kazi.

Kamanthe


Athi River,
28 Februari 1999

Baba,

Shikamoo, na Mama nampa pole za jino. Hapa kuna joto na simiti tupu. Nimepata mafua nikapona.

Tarehe kumi Aprili ndiyo siku ambayo hoteli inamfunua yule mzee. Kutakuwa na wageni, na watu wa magazeti, na mimi natakiwa kusimama karibu naye nimevaa shati la kitenge ambalo wamenishonea. Nimejaribu kuwaambia wasogeze, wamesema kadi za mwaliko zimetoka.

Nimefikiria hivi. Nitaandika barua nzuri isomwe mbele ya wazee. Au nitamtafuta wakili hapa Athi River, kuna mmoja mwenye ofisi juu ya bucha, anaongea sana. Wakili anaweza kueleza mambo ya iweto vizuri kuliko mimi, kwa sheria. Mimi mambo ya kusimama mbele ya watu nikiulizwa baba yangu ni nani, hayo siyawezi. Usinilazimishe.

Niambie unaonaje.

Mulwa


Muthetheni,
9 Machi 1999

Bwana Mulwa,

Natumaini u mzima. Sisi ni wazima.

Usije. Barua usilete, wakili wa juu ya bucha abaki na bucha yake. Sikuoa mwanamke nizalishiwe wakili.

Jambo moja tu. Lile gogo la mukau nililitunza mimi kutoka mche. Nilikupa ulipoomba, kwa sababu uliniambia utachonga kitu cha kwetu. Sikumpa mzee wa mkuki. Nirudishie gogo langu. Kama limeshachongwa, lilete hivyohivyo, tutampasua tupikie githeri.

Kamanthe


Athi River,
30 Machi 1999

Baba,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Leo sina habari za afya wala hali ya hewa.

Barua yako ilifika nikiwa namsugua yule mzee kwa msasa. Alikuwa amekwisha, Baba, amebaki kupakwa rangi ya viatu tu. Nikaisoma nimesimama. Nikacheka ile ya bucha. Halafu nikafika kwenye githeri, nikaona kweli unaweza kumpasua, na utapika, na utaniletea sahani. Nikamtazama mzee wangu usoni. Nimekaa naye miezi mitano na sikumjua. Simjui hata kidogo! Sijui anaitwaje, anakula nini, anamtukana nani akiamka. Nimemtoa kwenye kadi za posta.

Nikachukua tezo nikaanza na ndevu.

Wacha nikueleze kazi yetu ilivyo, maana hujawahi kuuliza. Kwenye mti huwezi kuongeza, unapunguza tu. Ukikosea ukakata, umekata. Fundi wangu wa Wamunyu alikuwa akisema usiguse mti kabla hujajua mtu wa mwisho ni nani. Bahati yangu ni kwamba mzee wa hoteli alikuwa mnene. Walitaka kifua kipana na mabega ya kubeba dunia. Wewe u mwembamba na mfupi. Kwa hiyo nafasi ilikuwepo, Baba. Ulikuwa mle ndani muda wote, nami nilikuwa nimekuvika mwanamume mzima juu yako.

Ndevu zilipotoka nikapata kidevu chako, kile unachokitanguliza ukiingia kwa mtu unayemdai. Mabega niliyashusha. Mkuki niliukata wote, nimeuchemshia chai. Ule mkono uliokuwa umeshika mkuki nimeuinamisha, sasa umelala kwenye mgongo wa mbuzi, kidole gumba kimebonyeza uti, vile unavyofanya kabla hujatoa bei na mwenye mbuzi anaanza kuchanganyikiwa. Mbuzi mwenyewe nimempata kwenye ule mguu uliokunjwa. Usicheke. Goti limekuwa kichwa cha mbuzi, tena amekaa vizuri.

Meneja wa hoteli alikuja jana na dereva. Alitafuta mzee wake kila mahali, mpaka nyuma ya choo. Nilipomwonyesha, alikaa chini kwenye vumbi la mbao na suti yake. Akaniuliza, "Huyu bibi ni nani?" Unajua shuleni nilipigwa kwa ajili ya swali hilo, sikukuambia. Waliniita mtoto wa wanawake wawili, wakaniuliza kila siku nani kati yenu ananyoa ndevu. Nilikuita Baba nyumbani, na nje nilikuwa nakuita "huyo mama". Niliona aibu, Baba. Niliona aibu juu yako, na ndiyo sababu redioni nilikohoa. Basi meneja nikampa mgongo, nikashika patasi. Aliondoka akisema atanishtaki.

Sasa niko kwenye masikio na nimekwama. Lile lenye tundu kubwa ni la kushoto au la kulia? Na ukisimama sokoni unaegemea mguu gani? Niandikie upesi.

Mulwa


Muthetheni,
4 Aprili 1999

Mulwa,

Tundu ni sikio la kushoto. La kulia lilichanika siku nilipovutana na mwanamke wa Mwala juu ya mbuzi, na mbuzi nilimpata. Naegemea mguu wa kulia. Kitambaa kichwani ni kile cha kufunga kwa nyuma, siyo cha mbele, mimi si mwali.

Matiti yaache yalivyo, yalishastaafu. Lakini makalio usiyaguse. Umesema kazi yenu ni kupunguza tu, nami hapo sina cha kupunguziwa. Ukikosea hapo utanitambua.

Ya shuleni, ungeniambia. Ningekuja pale nikawaonyesha nani ananyoa ndevu.

Muindi amenunua kofia mpya ya kikao. Mbula anakusalimu. Amemaliza kufagia boma letu, sasa anafagia njia.

Kamanthe


Muthetheni,
3 Mei 1999

Mwanangu Mulwa,

Wimuseo, u mzima? Sisi tuko sana. Mvua imenyesha mpaka jino la Mbula limeomba msamaha, amekubali kung'olewa. Mbaazi tumevuna. Nimesoma katika barua yako kwamba hoteli imeamua isikushtaki na pale mlangoni wameweka twiga. Vizuri, twiga hana haja ya kuulizwa baba yake.

Siku ya kikao ulifika umechelewa, kwa hiyo nikueleze ulichokikosa. Muindi alianza. Alikuwa na kofia yake, na koti la kuazima lililomfunika vidole, na alikuwa ameleta redio. Akaiweka mezani akawaambia wazee, "Shahidi wangu ni huyu." Akaiwasha. Ikatangaza chanjo ya ng'ombe wa Kitui. Akaipiga kofi, ikatangaza tena. Mwenyekiti akamwambia, "Muindi, tumesikia, lakini Kitui ni mbali." Nilicheka mpaka nikaambiwa ninyamaze katika nyumba yangu.

Halafu mwenyekiti akamuuliza, "Mbuzi wa ntheo ya Mbula, wewe ulikula?" Muindi akasema alikula lakini kama mgeni. "Ulikula sehemu gani?" Akasema ubavu, na figo kidogo. Watu wakashangilia, maana mgeni gani anapewa figo? Mimi nikaona tumeshinda. Lakini mwenyekiti akainua mkono akasema, "Mbuzi anatuambia Mbula ni mke wa Kamanthe. Hilo limekwisha. Lakini kijana ni mtu mzima, na alikana kwa mdomo wake hewani. Hatuwezi kumwambia mtu mzima yeye ni wa nani. Aseme mwenyewe, au tufunge na shamba limrudie Muindi." Wakatazama njia. Njia ilikuwa tupu, tena safi, Mbula alikuwa ameifagia. Nilikaa pale nikajua kwamba sitakuomba, hata wakifunga. Niliogopa, Mulwa. Niliogopa kuliko siku Nzuki alipokufa.

Ndipo pikapu ikaja, na nyuma mtu amelazwa, amefunikwa blanketi. Wanawake wakaanza kulia papo hapo, bila hata kuuliza ni nani. Wayua alijitupa chini na mapacha mgongoni. Wewe nawe, badala ya kueleza, unawaambia, "Shikeni upande wa kichwa, pole pole!" Walipomsimamisha na blanketi likaanguka, Muindi alivua kofia akasema, "Shikamoo." Kwa mti! Miaka yote mimi hajaniamkia.

Kilichofuata ulikuwepo, lakini ulikuwa umeinamisha kichwa, kwa hiyo hukuona. Mwenyekiti alikuuliza, "Huyu ni nani?" Ukasema, "Ni baba yangu. Na mwenyewe ni yule pale anayecheka, anaitwa Kamanthe. Mimi ni mtoto wa nyumba yake, nilimkana redioni na nilisema uongo." Ulisema kwa nguvu mpaka wa barabarani wakasikia. Mimi sikuwa nacheka wakati huo. Nilifurahi mpaka ikabidi nimshike huyo mbuzi wa mti nisianguke. Ulikuwa hujawahi kuniita hivyo mbele ya watu. Sikukuambia siku ile kwa sababu nilikuwa na kazi ya kumtazama Muindi akifungua ng'ombe wake.

Sanamu tumeiweka karibu na ghala. Makalio nimeyakagua. Nimeridhika.

Sasa kuna jambo, ndilo limenifanya niandike. Mama yako anaiongelesha. Mvua ikinyesha anaifunika gunia. Asubuhi anaifuta umande kwa leso yake mpya, na anaisimulia mambo. Unajua Mbula na mimi. Nilimwoa akiwa msichana ambaye kwao hapakuwa na chakula, akaja hapa akafanya kazi, akazaa, akazeeka, na tangu hapo tumekuwa tukiambiana habari za mbuzi na chumvi. Juzi nilikuwa nyuma ya ghala natafuta kuku, nikamsikia. Alikuwa ameweka mkono kwenye bega la ule mti. Akauambia, "Asante ulinichukua mimi. Dada zangu walikuwa wazuri kuliko mimi, na wewe ukanichukua mimi."

Nilitaka kutoka nikamwambia kwamba huo ni mti, mwenyewe niko hapa na masikio yangu mawili. Badala yake nikaingia jikoni nikawasha moto, nikachemsha chai, kazi ambayo sijaifanya tangu nimwoe. Majani niliyaweka mengi mno, sukari nikasahau. Nikampelekea pale pale alipokuwa amekaa.

Akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akaniuliza ni nani mgonjwa. Nikamwambia hakuna. Kunywa.

Baba yako,
Kamanthe